Daktari akisema "spectre" hasemi mzimu: usonji na maana ya kuifundisha jamii

Kila mwaka tarehe 2 Aprili, siku ya dunia ya kuhamasisha juu ya usonji, inapokaribia, redio za Lubumbashi, mji wetu wa kusini mwa Kongo, hutenga muda wa kuzungumzia usonji, hali ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina lake la Kifaransa, otisme. Siku moja ya namna hiyo nilikuwa kwa fundi cherehani katika komini ya Katuba, nikingoja suruali, na daktari redioni alikuwa akieleza kwa Kifaransa juu ya "trouble du spectre de l'autisme", ndilo jina la kitaalamu la usonji. Fundi aliondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza, akanigeukia. "Papa, umesikia? Daktari mwenyewe amekubali. Amesema spectre." Kwa Kifaransa alichokisoma shuleni, spectre ni mzimu, kivuli cha marehemu kinachotembea usiku, na kwa hiyo maneno ya daktari yalikuwa yamethibitisha kile ambacho majirani zake walikuwa wakinong'ona kwa muda mrefu juu ya mtoto mmoja wa mtaa ule. Dakika chache baadaye daktari alisema kwamba hakuna dawa ya kuuondoa usonji, na kwamba kinachohitajika ni kuifundisha jamii. Hapo fundi alikasirika kabisa. Kama ni ugonjwa, kwa nini afundishwe yeye mshona suruali, wasifundishwe madaktari?

Maswali yote mawili ni ya haki, na la pili ni zito kuliko la kwanza. Naanza na lile jepesi.

Neno spectre lina maana mbili katika Kifaransa. Moja ni hiyo ya mzimu. Nyingine ni ya watu wa sayansi: mfululizo wa rangi ambao mwanga wa jua huufanya unapopita katika matone ya maji, kama ule upinde tunaouona nyuma ya dohani ndefu ya Gécamines, kampuni ya madini, mvua ya Januari inapokatika. Nyekundu inaingia katika rangi ya machungwa, machungwa katika njano, na hakuna anayeweza kuonyesha kwa kidole mahali hasa moja inapokoma na nyingine kuanza. Daktari alitaka kusema tu kwamba usonji una sura nyingi. Si kosa la fundi kwamba lugha ya hospitali na lugha ya hadithi za kutisha zinatumia neno moja, na binafsi ningependa madaktari wetu watumie neno la Kiswahili, usonji, ambalo halimwamshi marehemu yeyote.

Usonji, basi, ni namna tofauti ya ubongo kujengeka, inayoanza mapema sana, na ambayo dalili zake kwa kawaida huonekana katika miaka ya kwanza ya maisha. Hauambukizi, wala si kichaa kinachompata mtu aliyekuwa salama. Unagusa mambo mawili: jinsi mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, na jinsi anavyoshikilia mambo yaleyale kwa utaratibu uleule, huku masikio, macho au ngozi yake vikihisi kwa ukali mno au kwa udhaifu mno. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye haitiki jina lake ingawa anakimbia akisikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa. Ambaye hanyooshi kidole kumwonyesha mama yake ndege. Ambaye akitaka kikombe humshika mtu mkono na kuupeleka kwenye kikombe kana kwamba mkono huo ni koleo. Mtoto huyo anastahili kuangaliwa. Ishara moja peke yake haithibitishi kitu, na hatua ya kwanza kabisa ni kupimwa masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia naye haitiki jina lake.

Usonji una ndugu zake, na wote pamoja huitwa ulemavu wa ukuaji, yaani ulemavu unaojitokeza mtoto anapokua na unaoandamana naye maishani. Kuna ulemavu wa akili, ambapo kujifunza kwa ujumla huenda polepole. Kuna hali ya Down, inayotokana na kromosomu ya 21, moja ya nyuzi za urithi zilizomo katika seli zetu, kuwa tatu badala ya mbili. Kuna mtindio wa ubongo, unaovuruga zaidi mwendo na viungo. Mtu mmoja anaweza kuwa na hali mbili kwa pamoja. Kifafa ni jambo jingine, lakini huwafuata wengi wao, na tofauti yake kubwa ni kwamba kifafa kina vidonge vinavyokizuia.

Watu hudhani kwamba sura nyingi za usonji ni ngazi, huyu anao kidogo, yule anao sana. Mfano unaonisaidia mimi ni ile mashine ya kupanga sauti iliyopo karibu katika kila kanisa la mji wetu, yenye vifungo vingi mbele ya kijana mwenye vipokea sauti masikioni. Kifungo kimoja ni cha usemi, kingine cha kelele, kingine cha kumbukumbu, kingine cha kuvumilia mabadiliko. Kwa mtoto mmoja usemi umeshushwa hadi chini na kumbukumbu imepandishwa hadi juu. Mwingine anaongea kama mwanasheria lakini mvua ikipiga bati anajificha chini ya kitanda. Kwa hiyo anayesema "huyu hana otisme, mbona anasoma vizuri" ametazama kifungo kimoja.

Shirika la Afya Duniani, OMS kama tunavyoliita, linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa wastani huo, mtaa wenye watu 1,000 una karibu wanane. Fundi wangu alikuwa akimjua mmoja tu. Wengine saba ama wamefichwa nyuma ya ukuta wa kiwanja, ama wamepewa majina mengine: bubu, mjeuri, mtoto wa maombi.

Majina hayo hutoka mahali fulani. Mvulana mmoja ninayemfahamu hakusema neno hadi karibu miaka mitano, kisha asubuhi moja alianza kutamka, kwa Kifaransa safi cha mwanamke mtu mzima, kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye. Nyumbani kwao hakuna anayesema Kifaransa. Bibi yake alilia, na jioni ileile mtoto alipelekwa katika chumba cha maombi ili roho ile ya kike itolewe. Sauti aliyokuwa akiiiga ilikuwa ya simu ya mjomba wake, aliyekuwa akimpigia mdeni wake kutwa nzima huku akiwa amefungua spika. Kurudia maneno kama mwangwi ni jambo linalojulikana sana katika usonji, na maneno yanayotoka kwenye mashine huenda yakawa rahisi kurudia kuliko ya watu, kwa sababu mashine husema vilevile kila mara. Tena ni habari njema: mtoto anayeweza kurudia ana sauti, ana kumbukumbu, ana pa kuanzia.

Hapa petu pia tunalaumu wingi wa lugha. Baba anasema Kiluba, mama Kibemba, barabarani Kiswahili, shuleni Kifaransa, na mtoto anapochelewa kuongea familia huambiwa ibaki na Kifaransa peke yake. Lugha nyingi hazisababishi usonji, na mama anayelazimishwa kumbembeleza mwanawe kwa lugha asiyoimudu ataishia kumwambia maneno machache zaidi, wakati mtoto huyo ndiye anayehitaji mengi.

Wengine husema ni ugonjwa mpya uliokuja na simu na televisheni. Daktari Leo Kanner aliandika juu ya watoto 11 wa namna hii huko Marekani mwaka 1943, kabla televisheni haijaenea hata kwao. Baadaye madaktari wengine, Ulaya na Marekani, waliwalaumu akina mama kwa ubaridi wa moyo, lawama iliyowatesa wazazi wengi hadi watafiti wawili, Susan Folstein na Michael Rutter, walipochunguza jozi 21 za mapacha huko Uingereza na kutoa matokeo yao mwaka 1977. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, katika jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakuna hata moja. Mapacha wote hulelewa na mama mmoja, ila wa kufanana tu ndio wanaorithi vinasaba vilevile. Jambo liko katika damu zaidi kuliko katika malezi, na hiyo haina maana ya laana ya ukoo. Ina maana ileile ya kurithi urefu au pua.

Na chanjo? Uvumi huo ulipata nguvu mwaka 1998, Andrew Wakefield alipochapisha katika jarida la Lancet huko Uingereza habari za watoto 12, akidokeza uhusiano na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na mwaka huohuo naye akafutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Tafiti zilizofuata, zenye watoto wengi mno, hazikuukuta uhusiano huo. Sisi Wakongo tusiuchukulie uvumi huo kama mazungumzo ya kupitisha wakati. Kuanzia mwanzo wa 2019 hadi mwanzo wa 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini mwetu, wengi wao watoto wadogo.

Sasa swali la fundi: kwa nini afundishwe yeye?

Jibu la kwanza ni la hesabu. Madaktari wa akili za watoto na wataalamu wa usemi ni wachache mno katika Kongo nzima. Lubumbashi tuna bahati ya kuwa na kituo cha afya ya akili cha Joseph Guislain cha watawa wa Frères de la Charité, tuna Hospitali ya Sendwe, tuna chuo kikuu. Lakini hata kama daktari angemwona kila mtoto mara moja kwa mwezi, saa zinazobaki katika mwezi mtoto yuko nyumbani, bombani, kanisani na barabarani. Jibu la pili, ambalo kwangu ndilo kiini, ni kwamba shida kubwa ya mtoto huyu haiko ndani ya kichwa chake peke yake. Iko pia katika idadi ya mahali ambapo hawezi kwenda. Mafunzo ya jamii hayamponyi mtoto. Yanafungua mahali hapo hatua kwa hatua.

OMS ina mpango wa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye kuchelewa au ulemavu wa ukuaji, na umejaribiwa pia katika bara letu, Ethiopia na Kenya. Una vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na umetungwa makusudi ili uongozwe na watu wasio mabingwa: wauguzi wa kituo cha afya, wazazi waliokwisha kupitia njia hiyo, wahamasishaji wale wa mtaani tunaowaita reko. Hafundishwi mtu udaktari. Yanayofundishwa yanaonekana madogo, na nitayatazama mawili kwa karibu.

Moja ni kungoja. Mama anajua kwamba mwanawe hupenda vitumbua, hivyo kila asubuhi humwekea mkononi kabla hajaomba. Ni upendo, lakini mtoto asiyehitaji kuomba hana sababu ya kusema. Katika mafunzo mama huambiwa ashike kitumbua mahali kinapoonekana, ashuke chini hadi macho yake yawe sawa na ya mtoto, akitaje kwa neno moja, kisha ahesabu moyoni moja hadi tano bila kusema kitu. Sekunde tano ni ndefu kuliko mtu anavyofikiri, jaribu. Mtoto akitazama, akinyoosha mkono, akitoa sauti yoyote, anapewa papo hapo, na mama anataja tena: "Kitumbua." Hadaiwi neno zima. Mtazamo wa leo ni sauti ya mwezi ujao, ingawa kwa wengine neno halitakuja kamwe na picha au ishara ya mkono ndiyo itakayokuwa lugha yao.

La pili ni kuanzia mwisho. Kunawa mikono kwa maji ya bidoni ni kazi ya hatua saba au nane: kufungua, kumimina katika kikombe, kulowesha, sabuni, kusugua, kusuuza, kupangusa. Tukimfundisha mtoto kuanzia hatua ya kwanza, atakwama ya tatu na kila siku itaishia kwa kilio. Kwa hiyo mama hufanya hatua zote, akiushika mkono wa mtoto, na kumwachia ile ya mwisho tu, kupangusa, kisha anamsifu. Wiki nyingine anamwachia mbili za mwisho. Hivyo kila siku mtoto humaliza kazi mwenyewe, na kumaliza ndiko kunakomvuta kurudi kesho.

Mengine ni ya namna hiyo: kuuliza nini kilitangulia kilio badala ya kukiadhibu, kucheza na mtoto kwa kumfuata anachopenda, hata kama ni kupanga vifuniko vya chupa, na mlezi kujitunza mwenyewe, jambo ambalo akina mama wengi hulipokea kwa kicheko mpaka wanapoanza kulia.

Lakini jamii si mama peke yake. Wako watoto wanaofungwa kamba mguuni, ncha yake ya pili ikiwa kwenye mguu wa kitanda, na majirani husema mama ni katili. Keti na mama huyo. Mtoto wake hukimbia; hajui gari; mara mbili ameokotwa mbali, na mama lazima aende soko la Kenya, komini ya mji wetu, saa kumi na moja alfajiri la sivyo hawali. Kamba ndiyo yaya wake. Mhubiri akija kumkemea na kuondoka, kamba itarudi. Kinachoweza kuifungua ni muuza makaa anayekaa kwenye kona ileile kutwa: ajue jina la mtoto, ajue kwamba ukimkimbilia kwa nyuma atakimbia zaidi, ajue kumkatiza kwa mbele, kukaa chini na kumwonyesha kitu anachokipenda, na awe na namba ya simu ya shangazi. Hayo yote hufundishika mchana mmoja. Fundi cherehani anakaa kona ya pili.

Kwa wachungaji ningeomba mambo matatu tu, bila kugombana nao juu ya imani. Wasimtangaze mtoto kuwa mchawi: ibara ya 41 ya Katiba yetu ya 2006 inakataza kuwatuhumu watoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu. Wasimlazimishe mtoto kufunga kula wala kumwachisha vidonge vya kifafa, kwa maana kuviacha ghafla kunaweza kumwua. Na familia ipewe benchi karibu na mlango, mbali na spika. Mchungaji mmoja akisema hadharani "huyu ni mtoto wetu" hufanya kazi ambayo vijitabu elfu haviwezi.

Juu ya mwalimu mwenye wanafunzi sitini darasani nitasema machache, kwa sababu mafunzo peke yake hayatamtosha. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na tangu tarehe 3 Mei 2022 tuna sheria namba 22/003 ya kuwalinda na kuendeleza haki zao. Mzazi anayekataliwa shuleni ana karatasi ya kushika mkononi, ingawa karatasi haiongezi madarasa.

Na tusidanganyane juu ya neno mafunzo. Tunaijua semina ya siku mbili: fulana, jus, nauli, picha ya pamoja, cheti. Ziara za nyumbani zikikosekana, yale ya kitumbua hubaki kwenye daftari, kwa kuwa mama alijifunza katika ukumbi wenye feni na mtoto anaishi katika kiwanja chenye jenereta ya jirani. Anayetaka kujua kama mafunzo yamefaa asihesabu vyeti. Aulize mahali gani ambapo mwaka jana mtoto huyu hakuweza kwenda.

Yule mvulana wa namba isiyopatikana alikuwa hawezi kwenda kwa kinyozi. Mashine ilimtia hofu ya kufa, na mama alimkata usiku kwa mkasi akiwa usingizini. Baada ya mama kuzungumza naye, kinyozi, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikubali kujaribu polepole. Jumamosi ya kwanza mtoto alishika mashine iliyozimwa, akaondoka. Ya pili iliwashwa mbali, barabarani, yeye akiwa mlangoni. Ya tatu iligusishwa mgongo wa mkono wa mama, kisha wake. Ya nne alikaa kitini, akakatwa upande wa kulia, kisha umeme ukakatika. Alitembea na nusu kichwa hadi Jumatano, mtaa mzima ukicheka na mama yake akicheka nao, na umeme uliporudi ni yeye aliyemvuta mama mkono kuelekea kwa kinyozi.